Mgeni wa Idd Bondeni

Kofi la kwanza lilimkuta Namalwa akiwa bado amejifunga leso kifuani, maji ya kuoga yakichemka jikoni. Alikuwa ameuliza jambo dogo tu, kama angeweza kwenda mtaa wa Bondeni kushinda Idd na Waislamu.

"Rudia," kaka yake, Masinde, alimwambia.

"Nimesema Bi Zamzam amenialika. Leo wanachinja kondoo. Nitarudi mapema."

La pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Lilimzungusha hadi akashika ukuta. Mkewe Masinde, Khainza, aliyekuwa kitandani akimnyonyesha mtoto wa wiki nne, alifumba macho asione la tatu. La tatu halikuja. Masinde alibaki ameinua mkono, akiutazama kama vile si wake.

Hakuwa mtu wa kupiga wanawake. Kule kwao Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon juu ya mji wa Mbale, ndiye aliyekuwa akimbeba Namalwa mgongoni kuvuka mto kwenda shule. Namalwa alikuwa sasa mwalimu, ana miaka ishirini na miwili, na alikuwa amepanda treni kuja Nakuru kumsaidia Khainza baada ya kujifungua. Ilikuwa wiki ya tatu tangu afike. Baridi ya alfajiri ya Julai, vumbi jeupe la mchana, ziwa lililojaa ndege wa rangi ya waridi hata ukadhani maji yameota maua: vyote vilikuwa vigeni kwake, na vyote alivipenda. Vingi alikuwa ameonyeshwa na mtu mmoja.

"Ni yule dereva," Masinde alisema. "Yule Mnubi. Unadhani sina macho? Kila ukiniletea chakula ghalani, lori lake liko pale. Ngano yote ya Mau Narok huisha kushushwa, yeye bado amesimama anafuta kioo."

"Anaitwa Rehan."

"Dada yetu Nambozo naye alianza hivihivi. Kwanza alialikwa kula. Halafu akajifunza kufunga mtandio. Halafu akaenda na mfanyabiashara wake mbali tusikojua, na baada ya miaka miwili akaletwa nyumbani juu ya machela ya baiskeli, mbavu zimevunjwa, tukamzika. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Umesahau?"

"Sijasahau. Yule alikuwa mtu mmoja, Kaka."

"Na huyu ni wa pili."

Alivaa koti lake la kazi la reli, akamwamuru Khainza afunge mlango na ufunguo auweke chini ya mto wake mwenyewe. Akatoka bila kunywa chai.

Nyumba ilikaa kimya. Kwa mbali, kutoka upande wa Bondeni, sauti za wanaume zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja. Allahu akbar, Allahu akbar. Namalwa alisimama dirishani akisikiliza, kiganja kikiwa shavuni. Aligeuka aliposikia chuma kikilia sakafuni. Khainza alikuwa ametupa ufunguo karibu na miguu yake.

"Mume wangu leo atarudi kula saa saba," Khainza alisema. "Uwe umefika kabla yake. Na ujipake mafuta shavuni, vidole vinaonekana."

* * *

Walipoonana, Rehan hakumsalimu. Alimtazama shavu tu.

Alikuwa amesimama katikati ya ua wa mjomba wake, kanzu nyeupe ameipandisha na kuifunga kiunoni, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Kondoo watatu walikuwa wamekwisha kuchinjwa. Damu ilikuwa imechimbiwa shimo na bado ilitoa mvuke kwenye baridi. Wa nne alikuwa ameshikwa na wanaume wawili, amelazwa ubavu, uso ukielekezwa Kibla. Rehan alimfunika jicho kwa sikio lake, akasema Bismillahi, na kisu kikapita mara moja. Miguu ya mnyama ilirusha mateke, ikatulia.

Namalwa alikuwa ameona wanyama wakichinjwa tangu utotoni. Hakuwahi kuona mtu akifanya hivyo kwa upole namna ile.

Bi Zamzam, mama yake Rehan, alimpokea kwa mkono mmoja tu, wa pili ukiwa umeshika mwiko. Alikuwa mwanamke mfupi, amejitanda nguo ya rangi ya machungwa, na macho yake hayakukaa mahali pamoja.

"Karibu, binti. Idd njema. Unajua kukata vitunguu?"

"Najua, Mama."

"Basi kaa hapa nikuone."

Akakaa. Asubuhi ile alijifunza mengi. Alijifunza kumimina uji wa unga kwenye chuma cha moto na kuutandaza hadi ukawa mkate mwembamba kama kitambaa, ambao wenyewe waliuita gurusa. Alijifunza kwamba nyama hugawanywa mafungu matatu, moja la nyumbani, moja la ndugu na majirani, moja la maskini. Alibeba sinia tano mlango kwa mlango, zimefunikwa kwa makawa ya ukili yaliyosukwa kwa rangi nyingi, na kila mlango aliombewa dua na mtu asiyemjua. Kwa mama mmoja Mkikuyu, jirani asiyekuwa Mwislamu, alishikwa mkono na kuulizwa, "Wewe ndiye wa Rehan?" Akacheka, shavu likamuuma.

Rehan alimkuta kwenye rundo la kuni, nyuma ya jiko.

"Nani amekupiga?"

"Nimetumwa kuni. Nipishe."

"Namalwa."

"Ukijua, utafanya nini? Utaenda kumpiga? Halafu mimi niolewe na nani, na mtu aliyempiga kaka yangu?"

Rehan alikuwa na kovu dogo la zamani juu ya nyusi, na alipofikiri alikuwa akiligusa. Sasa alitaka kuligusa, akakumbuka mkono una damu.

"Umesema niolewe," alisema polepole.

"Nimesema mengi. Umesikia hilo tu?"

"Hilo tu." Kisha akapunguza sauti. "Nikuambie ukweli. Siwezi kukulazimisha uswali. Mama angependa, mjomba angependa. Mimi napenda wewe uwe unakata vitunguu kwetu kila Idd, ukilia hivyo. Mengine Mungu atayapanga."

"Nalia kwa sababu ya vitunguu."

"Najua."

Walitazamana. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

"Rehan." Sauti ya mjomba wake ilitoka nyuma yao. Mzee Farajalla alikuwa dereva wa jeshi enzi za vita vya Burma. Alitembea kwa fimbo, lakini mgongo wake ulikuwa bado umenyooka. "Njoo na mgeni wako."

Aliwakalisha mbele yake kibarazani, Bi Zamzam akisikiliza mlangoni.

"Binti, baba yako anajua uko hapa?"

"Hajui, Mzee."

"Kaka yako?"

"Anajua. Amekataa."

"Na hilo shavu?"

Namalwa aliinamisha kichwa. Mzee akamgeukia Rehan.

"Msichana wa watu amepigwa kwa ajili yako, na wewe umemtuma agawe sinia mtaa mzima waone. Hayo ni mapenzi au ni ujinga? Ukitaka mke, unatuma wazee Mbale, wanaketi, wanakataliwa, wanarudi tena. Hujatuma mtu. Umeleta vita nyumbani kwangu siku ya Idd."

"Mjomba, nilitaka kwanza mumwone."

"Tumemwona. Ni msichana mzuri. Baada ya chakula mrudishe kwao, umwombe kaka yake radhi mlangoni, mbele ya watu."

"Naye akinipiga?"

"Utapigwa. Ndiyo bei ya kuchelewa."

Namalwa alitazama jua. Lilikuwa limepita katikati ya mbingu. Ndipo alipokumbuka saa saba.

* * *

Masinde hakubisha hodi. Aliingia uani na koti lake la reli, mtaimbo wa kufungulia makasha ukiwa mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa wanawake. Alimkamata Namalwa kwa nywele. Sinia ya wali ikapinduka. Alianza kumburuta kuelekea lango kama gunia, na kelele za wanawake zikapanda juu ya mabati.

Rehan alikuwa akimchuna kondoo wa mwisho aliyening'inizwa kwenye boriti. Alikuja mbio na kisu mkononi. Watu waliona kile kisu, wakaachia njia. Naye alikiona. Akakitupa chini vumbini, akainua mikono mitupu.

"Shemeji, mwache. Kosa ni langu. Tuongee mimi na wewe."

"Shemeji?"

Masinde aliliachia lile neno pamoja na ngumi. Mdomo wa Rehan ulipasuka. Hakurudisha. Ngumi ya pili ilimpata jichoni, ya tatu kwenye koo, na bado mikono yake ilikuwa chini.

"Piga," alisema kwa shida. "Ukimaliza tutaongea."

Mtaimbo ulimpiga gotini. Sauti yake ilisikika hadi barabarani. Rehan akaanguka.

"Kaka, utamuua," Namalwa alisema kutoka mavumbini. Alikuwa amekishika kifundo cha mguu wa kaka yake kwa mikono miwili. "Niue mimi basi. Mimi ndiye niliyekuja kwa miguu yangu."

Pengine ni neno hilo. Pengine alimwona Nambozo pale chini badala yake. Masinde aligeuka, uso umempauka, akainua mtaimbo juu ya kichwa cha dada yake.

Haukushuka. Rehan, kwa mguu mmoja, alijirusha na kumpiga kikumbo kiunoni, wakaenda chini wote wawili. Sasa ule upole ulikuwa umekwisha. Alimkalia kifuani. Alimpiga mara moja, jino likaruka. Mara ya pili. Mara ya tatu pua ikalala upande. Alinyanyua mkono wa nne, akamsikia Namalwa akilia, akausimamisha hewani. Akavuta pumzi. Akajinyanyua juu ya mguu wake mzima, akampa Masinde mgongo, akamnyooshea Namalwa mkono ainuke.

Masinde alipapasa chini akitafuta mtaimbo. Alichokishika ni kisu.

Namalwa alikiona kikija. Kisu kiliingia chini ya bega la kushoto, na Rehan akatoa mguno mfupi kama mtu aliyeinua mzigo. Akamwangukia kifuani. Kanzu yake nyeupe ilibadilika rangi mikononi mwa Namalwa.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Vijana wa mtaa walimfunika Masinde kwa kuni, kwa mateke, kwa mawe ya jikoni. Namalwa, leso yake ameikandamiza kwenye jeraha la mpenzi wake, alikuwa akisikia kila pigo likitua kwenye mwili wa kaka yake. Hakuweza kuinuka. Angeinuka, damu ingemwagika.

"Mwacheni," alilia. "Jamani, ni kaka yangu. Mwacheni."

Hakuna aliyemsikia. Mzee Farajalla ndiye aliyepita katikati yao, fimbo yake ikipiga migongo ya wapwa na majirani bila kuchagua.

"Rudini nyuma. Tumekwisha kuchinja. Leo hatuchinji mtu." Alisimama juu ya Masinde, miguu huku na huku. "Mfungeni kwa ile kamba ya kondoo, mmtupe kwenye lori. Nikimwacha hapa nitarudi nikute maiti, na maiti hiyo itakuwa yangu mbele ya Mungu."

Mzee mwenyewe aliendesha. Lori la Rehan lilikuwa bado na punje za ngano sakafuni, na damu ikazifanya zigande kama uji. Masinde alilazwa upande mmoja, mikono imefungwa. Upande wa pili Rehan alilalia tumbo, kichwa mapajani mwa mama yake. Namalwa alipiga magoti katikati, viganja vyake vyote viwili juu ya jeraha.

"Toa mikono yako," Bi Zamzam alisema.

"Mama, nikiitoa..."

"Nimesema usimguse mwanangu. Ninaye huyu mmoja. Umekuja kwangu kula Idd, umeniletea kifo."

Akamng'oa mikono. Damu ikaruka, ikampiga Bi Zamzam kifuani. Alitazama damu ile. Kisha akavishika tena vile viganja vya msichana, akavirudisha palepale na kuvikandamiza kwa vyake.

Wakakaa hivyo hadi hospitali.

* * *

Daktari alisema kisu kilikuwa kimekosa pafu kwa upana wa kidole. Goti lilikuwa limepasuka, na lingepona kwa kuchechemea. Walimshona, wakamlaza kifudifudi, na saa kumi kasoro robo akaja polisi, Sajenti Kemboi, mtu mrefu mwenye sauti ya polepole.

"Nani amekuchoma?"

Rehan alifungua jicho moja. La pili lilikuwa limefumba kwa uvimbe. "Nilijikata, afande. Nilikuwa nachuna kondoo."

"Mgongoni?"

"Kisu kiliteleza."

"Kikateleza, kikazunguka nyuma."

"Ndiyo, afande."

"Na goti?"

"Kondoo aliniangukia."

Sajenti aliandika kitu kwenye daftari, akakikata. "Mzee, wewe ndiye mwenye nyumba. Umeona nini?"

Mzee Farajalla alimtazama mpwa wake. Alikuwa amemleta Masinde amefungwa kamba ili amkabidhi kwa polisi kwa mkono wake. "Kijana wangu hasemi uongo," alisema, na kila neno lilimtoka kama mwiba.

"Na wewe, dada?"

Moyo wa Namalwa ulitaka kusema yote. Aliona tena mtaimbo juu ya kichwa chake, akaona na mto wa kwao, na mgongo ule uliombeba. Kidole cha Rehan kiligusa pindo la gauni lake chini ya shuka, kikabaki hapo, kikimwomba.

"Mimi ni mgeni hapa, afande," alisema. "Sijui jinsi mnavyochuna kondoo."

Sajenti Kemboi alifunga daftari. "Idd njema, basi. Mkikumbuka, kituo mnakijua."

Alipokwisha kwenda, Namalwa alitoka nje. Masinde alikuwa kwenye benchi la veranda, chini ya dirisha la wodi, kichwa kimefungwa bendeji, kamba ameshafunguliwa. Alizungumza lugha ya kwao, na kwa sababu ya jino lililotoka maneno yalivuja.

"Treni ya Kampala ni kesho asubuhi. Utapanda."

"Sitapanda."

"Sikumwomba aseme uongo kwa ajili yangu."

"Hakusema kwa ajili yako. Alisema ili nisipoteze kaka."

Masinde alitazama mikono yake. "Sikutaka nikuzike, Namalwa. Tangu Nambozo, kila siku ninaona tunazika mwingine."

"Leo ungenizika. Ule mtaimbo ulikuwa wa nani? Na nani aliuzuia?"

Masinde aliinuka, akanyoosha mkono kumshika kiganja, kama alivyozoea tangu dada yake akiwa mdogo. Namalwa hakurudi nyuma.

"Ukinishika, ninakwenda kituoni kwa Sajenti. Nitamwambia yote, nawe utafungwa, na nitakuletea chakula jela kila Jumapili. Nimemaliza kuburutwa."

Alimjua dada yake. Mkono ulishuka.

"Nitamwambia nini Baba?"

"Panda wewe hiyo treni ukamwambie. Usiruke kitu, si kofi, si kisu. Mwambie wazee wa Bondeni watakuja kuketi naye, akatae, warudi tena. Mpaka hapo mimi nipo hapa."

Masinde alilia bila sauti, kwa aibu, akiwa amegeukia ukuta. Namalwa alitamani kumgusa. Alikunja mikono kifuani, kwa sababu viganja vilikuwa bado na damu ya mtu mwingine.

"Khainza yuko peke yake na mtoto," alimwambia. "Nenda nyumbani, Kaka."

Alisimama hadi alipomwona akitoka langoni akishikilia ukuta, mtu mzima anayetembea kama mzee. Ndipo akarudi wodini.

Rehan alikuwa amelala usingizi wa dawa. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kibenchi kifupi kando ya kitanda, nguo ya machungwa imekaukiwa na damu, tasbihi ikipita vidoleni. Hakuinua macho. Namalwa alisimama miguuni pa kitanda, hajui aweke wapi mwili wake.

Muuguzi aliingia akipiga makofi mawili. "Saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Wote nje. Wabaki watu wa familia tu."

Mzee Farajalla alijikohoza, akachukua fimbo yake. Namalwa naye alimwangalia Rehan kwa mara ya mwisho, shingo ile, sikio lile lenye vumbi la ua, akageuka kuufuata mlango.

Gauni lake lilivutwa. Alidhani limenasa kwenye chuma cha kitanda. Alipotazama, aliona mkono wa Bi Zamzam umelikamata, tasbihi ikining'inia.

"Wewe unakwenda wapi?" Bi Zamzam aliuliza, bado hamtazami. Akasogea, akaacha nusu ya kibenchi wazi. "Kaa."